Jicho Jekundu Usukumani: Uvimbe wa Uvea, Moshi na Tuhuma za Uchawi katika Ukanda wa Mwakitolyo

Utangulizi

Kata ya Mwakitolyo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, inajulikana leo kwa dhahabu. Maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa na mialo ya kuchenjulia vimelifanya jina la Mwakitolyo Namba 5 lisikike mbali kuliko majina ya vijiji vingi vya Usukumani. Hata hivyo, chini ya kelele za makarasha ipo nchi ya wakulima na wafugaji wa Kisukuma, na nchi hiyo ina historia moja na Usukuma mzima ambayo vitabu vya tiba vimeigusa kidogo, na vitabu vya sheria vimeigusa bila kuitazama usoni. Ni historia ya jicho jekundu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, jicho jekundu la mwanamke mzee katika Shinyanga lilikuwa na wasomaji wawili. Msomaji wa kwanza alikuwa tabibu, ambaye aliliona kama dalili ya maradhi. Msomaji wa pili alikuwa mpiga ramli, ambaye aliliona kama alama ya uchawi. Tabibu alikuwa mbali, aghalabu umbali wa siku nzima ya kutembea kwa miguu; mpiga ramli alikuwa kijiji cha pili. Makala hii inafuatilia namna usomaji wa pili ulivyoushinda ule wa kwanza, na gharama iliyolipwa. Inajikita zaidi katika kundi moja la maradhi, yaani uvimbe wa uvea, au uveitisi. Waandishi wengi walioeleza macho mekundu ya Usukumani wameyaeleza kwa moshi wa jikoni peke yake. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Yanamfanya kila mwenye jicho jekundu kuwa mtu mzima wa afya aliyesingiziwa, ilhali baadhi yao walikuwa wagonjwa hasa, wenye maradhi yanayopofusha na yanayotibika.

Zabibu ndani ya jicho

Uvea ni tabaka la kati la jicho. Mbele kuna irisi, yaani lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni. Nyuma ya irisi kuna mwili wa siliari unaotengeneza maji ya jicho, na nyuma zaidi kuna koroidi, iliyojaa mishipa ya damu inayoilisha retina. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya zabibu, na mfano huo ni wa kale: ganda jeupe la nje likiondolewa, kinachobaki ni kitu cheusi cha mviringo, kama zabibu iliyong'olewa kikonyo. Matabibu wa Kiyunani waliutumia mfano huo, na wanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, akiwemo Hunayn ibn Ishaq aliyeandika makala kumi juu ya jicho, waliuchukua wakaliita tabaka hilo al-inabiyya, kutokana na inab, yaani zabibu.

Tabaka hili likivimba, mgonjwa hupata jicho jekundu. Wekundu huo, kwa mtu asiyezoea, haujitofautishi na wekundu mwingine. Hapo ndipo tatizo zima linapoanzia. Jicho lililokerwa na moshi au vumbi huwasha na kutoa machozi. Wekundu wake huenea zaidi pembeni na ndani ya kope, na mgonjwa huona kama kawaida. Jicho la uveitisi ya mbele huuma kwa ndani. Wekundu wake hujikusanya kama pete kulizunguka duara lenye rangi. Mboni hujikunja na kuwa ndogo, kisha hugandana na lenzi iliyo nyuma yake, na ikijaribu kupanuka huwa na umbo lisilo la duara. Uoni huingia ukungu. Zaidi ya yote, mgonjwa hawezi kuvumilia mwanga. Jua la saa sita humchoma jicho kama mwiba, naye hujifunika kanga usoni, hukaa ndani ya nyumba yenye giza na hutoka jua likishatua.

Maradhi haya yakiachwa bila matibabu hurudi tena na tena. Huacha nyuma yake mtoto wa jicho, presha ya macho na hatimaye upofu. Matibabu ya msingi si ya ajabu. Atropini, inayoipanua mboni isigandane, ilikuwa mikononi mwa madaktari wa macho tangu karne ya 19. Dawa za jamii ya kotisoni, zinazotuliza uvimbe, ziliingia katika tiba ya macho mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chupa mbili ndogo za matone, zikitolewa mapema na mtu anayejua anachokitazama, huokoa jicho.

Maradhi yaliyopita katika nchi hii

Uveitisi mara nyingi huwa mgeni anayefuatana na ugonjwa mwingine, na Usukuma ulikuwa na wenyeji wengi wa kumkaribisha. Wa kwanza, ambaye leo amesahaulika, ni homa ya papasi. Papasi ni kupe laini anayeishi katika nyufa na sakafu za nyumba za udongo, na hutoka usiku kumnyonya aliyelala. Joseph Everett Dutton na John Todd, wakifanya utafiti mashariki mwa Kongo, walionesha kwamba kupe huyo ndiye anayeeneza homa inayorudi, na Dutton mwenyewe alifia Kasongo mwezi Februari 1905; kimelea hicho kikapewa jina lake. Wakati huohuo Robert Koch alikuwa akimchunguza papasi katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na akamkuta kwa wingi katika kambi za kupumzikia misafara. Wapagazi mashuhuri wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Homa hii huja, huondoka na kurudi, na miongoni mwa madhara yake yanayojulikana ni uvimbe wa irisi na mwili wa siliari unaoweza kujitokeza homa ikiwa imekwisha, wakati mgonjwa na majirani zake wameshaacha kuifikiria. Jicho huwa jekundu bila sababu inayoonekana, na jambo lisilo na sababu inayoonekana hutafutiwa sababu isiyoonekana.

Mwenyeji wa pili alikuwa ukoma. Hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913 nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilihudumia pia wagonjwa wa ukoma. Ukoma huliingia jicho kwa njia mbili. Huua mishipa ya fahamu ya kope, ili kope zisifunge na jicho likauke na kuwa jekundu. Na humwingia mtu ndani ya irisi kwa uvimbe wa polepole usiouma, ambao huila mboni hadi ibaki kama tundu la sindano. Mwanamke mwenye nyusi zilizopukutika, jicho lisilofumba na mboni iliyosinyaa alikuwa na uso ambao jamii ilikwishauwekea tafsiri. Dapsoni ilianza kubadili hali hiyo katikati ya karne, na tiba ya mseto wa dawa iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaibadili kabisa, lakini jicho lililokwisha haribika halikurudi.

Kaswende na kifua kikuu vinahitaji maneno machache tu hapa, kwa kuwa vyote viwili vitarudi katika sehemu ya machimbo. Vyote huweza kuvimbisha sehemu yoyote ya uvea, kuanzia irisi hadi koroidi, na vyote hufanya hivyo hata kwa mtu ambaye haonekani mgonjwa.

Lipo pia jeraha, na dawa iliyowekwa juu ya jeraha. Utafiti wa Allen Foster na Alfred Sommer uliochapishwa mwaka 1987 juu ya vidonda vya konea kwa watoto wa Tanzania ulionesha kwamba surua ndiyo iliyokuwa ikiongoza, na kwamba dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni zilikuwa na sehemu yake katika upofu huo. Majani yaliyopondwa yakitiwa kwenye konea yenye kidonda hupeleka maambukizi ndani, na uvea huvimba. Si haki kuwalaumu waganga peke yao kwa hili. Mahali ambapo zahanati iko mbali, mama mwenye mtoto anayelia kwa maumivu ya jicho hafanyi uzembe anapokwenda kwa aliye karibu.

Miti, kinyesi cha ng'ombe na moshi

Moshi nao una historia yake, na historia hiyo ni ya kiserikali kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbinu kuu ya wakati huo ilikuwa kuondoa vichaka ambamo mbung'o hujificha. Nguvukazi ya vijiji ilikusanywa, miti ikakatwa na kuchomwa kwa maeneo makubwa. Mbung'o walirudi nyuma na ng'ombe wakaingia. Baada ya ng'ombe ikaja pamba, na kila shamba jipya la pamba lilikuwa kichaka kilichofyekwa. Operesheni ya kuhamia vijijini ya katikati ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu pamoja na kuongeza mzigo kwa miti iliyosalia karibu na makazi. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa tambarare tupu, kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofufua mfumo wa asili wa ngitili, yaani malisho na miti iliyotengwa ipumzike.

Athari ya uchache wa miti ilionekana jikoni kabla ya kuonekana katika ripoti. Mwanamke asiye na kuni hupika kwa mabua, kwa vijiti vya pamba na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kinyesi huwaka polepole na hutoa moshi mzito. Mwanamke anayeinama juu ya moshi huo ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka 40 au 50, hupata macho mekundu ya kudumu. Kwa hiyo kati ya kampeni ya mbung'o na jicho la bibi kizee wa Usukumani kuna mnyororo usiokatika: kichaka kiliondolewa, kuni zikaisha, kinyesi kikaingia mafigani, jicho likawa jekundu. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini alama iliyokuja kutumika kumhukumu mwanamke huyo ilitokana kwa kiasi fulani na sera iliyobuniwa kwa manufaa ya mifugo.

Kutoka dalili hadi ushahidi

Katika Kisukuma mchawi ni nogi, na anayetafuta chanzo cha msiba kwa ramli ni nfumu. Nfumu hutumia njia mbalimbali, na mojawapo inayojulikana sana ni kusoma ndani ya kuku aliyechinjwa. R.E.S. Tanner, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni na kuchapisha kitabu kuhusu mauaji ya wachawi Usukumani mwaka 1970, na baadaye Simeon Mesaki, ambaye utafiti wake wa miaka ya 1990 ndio msingi wa mjadala wa sasa, wanaonesha kwamba tuhuma haikuanguka juu ya mtu yeyote tu. Iliwaangukia zaidi wazee, na miongoni mwa wazee wanawake, na miongoni mwa wanawake wajane wanaoishi peke yao kwenye ardhi ambayo wengine waliitaka. Aghalabu nfumu hakutaja jina. Alitaja sifa, na mteja akaenda nyumbani akilitafuta jina lenye sifa hizo. Jicho jekundu lilikuwa sifa iliyo rahisi kuliko zote. Lilionekana kwa mbali, halikuweza kukanushwa, na wanawake wengi walikuwa nalo.

Kwa mtazamo huu, mgonjwa wa uveitisi alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya yule mwenye macho ya moshi. Wekundu wake ulikuja ghafla na huenda ulikuwa katika jicho moja tu. Ulikuja ukaondoka, kisha ukarudi. Mboni yake ilipoteza umbo. Na kwa kuwa aliuogopa mwanga, mwenendo wake wenyewe ulibadilika: mchana hakuonekana kisimani wala shambani, jioni alionekana akipita. Jirani ambaye mtoto wake amefariki wiki hiyohiyo aliyaweka mambo hayo pamoja. Kiswahili chenyewe kina mtego hapa, kwa sababu neno mwanga lina maana ya nuru na pia maana ya mtu anayezunguka usiku kwa uchawi. Mwanamke aliyeukimbia mwanga wa kwanza alifanywa kuwa mwanga wa pili. Tafsiri hii inatokana na kulinganisha dalili za ugonjwa na sifa zilizohusishwa na wachawi, na inaeleza jambo ambalo moshi hauelezi: kwa nini kati ya wanawake kumi wenye macho mekundu katika kijiji kimoja, mmoja ndiye aliyetengwa.

Dola mbele ya jicho

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Sheria hiyo ilifanya kuwa kosa kudai nguvu za uchawi na pia kumtuhumu mtu kwa uchawi nje ya mamlaka husika, na ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa. Uwezo huo ulikuwa na busara ya kiutawala na ukatili ndani yake, kwani aliyehamishwa alikuwa ni aliyesingiziwa. Mfumo wa watemi, ambao ulikuwa na njia zake za kuamua mashauri ya namna hiyo, ulifutwa mwaka 1963. Kilichobaki vijijini kilikuwa tuhuma bila baraza la kuisikiliza.

Mauaji yakaongezeka. Takwimu za serikali zilihesabu watu 3,693 waliouawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, wanawake 2,286 na wanaume 1,407, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni katika mikoa hiyo miwili kuwasaka wauaji na washukiwa. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa polisi. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, pamoja na viongozi wengine wakiwemo wakuu wa mikoa hiyo. Historia ya siasa ya Tanzania inaikumbuka barua ya kujiuzulu ya mtu aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985. Ni wachache wanaokumbuka kwamba chanzo cha mkasa huo kilikuwa mauaji ya wanawake wazee.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 tume iliyoongozwa na Gertrude Mongella ilichunguza suala hilo kwa upana. Wakati huo sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa mwanzoni mwa muongo huo katika maeneo ya Kahama, Shinyanga na Nzega, lilikuwa limeshika ulinzi wa vijiji. Liliwakabili wezi wa ng'ombe kwa mafanikio, na mahali pengine liliwageukia pia waliodhaniwa kuwa wachawi. Baadaye mchumi Edward Miguel, akitumia kumbukumbu za vijiji vya Wilaya ya Meatu, alionesha katika makala ya mwaka 2005 kwamba mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka takriban maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Matokeo hayo ni muhimu sana. Yanaonesha kwamba imani peke yake haikuua. Njaa ndiyo iliyoamua lini imani ishike panga.

Katika maelezo yote haya, idadi imo, jinsia imo, mikoa imo, mvua imo. Jicho halimo. Dola ililitazama suala hili kwa zamu kama jinai, kama ushirikina na kama umaskini, na kila mtazamo ulikuwa na ukweli wake. Tabibu wa macho hakuitwa. Hatua iliyokaribia zaidi kuligusa jicho ilitoka kwa asasi za kiraia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 HelpAge International, pamoja na asasi za wenyeji kama Maperece ya Magu, zilifanya kazi na wanawake wazee wa Usukumani, na pamoja na msaada wa kisheria na nyumba bora zilihimiza majiko sanifu yanayopunguza moshi. Jiko kama utetezi wa uhai ni wazo la kishujaa katika udogo wake. Hata hivyo lilimsaidia mwenye macho ya moshi. Mwenye uveitisi aliendelea kuwa na jicho jekundu mbele ya jiko lisilo na moshi, na huenda hilo lilimweka pabaya zaidi, kwa kuwa kisingizio kilikuwa kimeondolewa.

Machimbo na uvea mpya

Dhahabu ya ukanda huu si mpya. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na almasi ya Mwadui ikafuata mwaka 1940. Lakini mkusanyiko mkubwa wa wachimbaji wadogo ulikuja baada ya biashara ya dhahabu kulegezwa masharti mwishoni mwa miaka ya 1980, na makazi kama Mwakitolyo ni matunda ya wimbi hilo refu. Pamoja nalo, visababishi vya uveitisi vilibadilika.

Homa ya papasi ilipungua umuhimu nyumba zilipobadilika. Mahali pake pakachukuliwa na kifua kikuu, ambacho machimboni kina mshirika: vumbi la mawe lenye silika hukwaruza mapafu na kuyafungulia mlango. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na mchimbaji anayekohoa hujua leo kwamba anapaswa kupimwa makohozi. Mchimbaji ambaye uoni wake wa jicho moja unafifia bila kukohoa hajui kwamba huenda anaugua ugonjwa uleule ndani ya koroidi. Ukimwi, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ulikuja na mkanda wa jeshi, ambao ukishuka kwenye paji la uso na ncha ya pua huvimbisha konea na irisi kwa pamoja. Kaswende ilipata makazi yenye vijana wengi wenye fedha ya ghafla na wasio na familia karibu.

Kisha kuna kipande cha jiwe. Wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo na vijana wanaochoronga mwamba hufanya kazi hiyo mara nyingi bila miwani ya kinga. Kipande kinachotoboa jicho huweza kuleta madhara ya kushangaza: wiki kadhaa baadaye, au hata miaka, uvea ya jicho lililo zima huvimba nayo, kwa sababu kinga ya mwili, iliyokwisha kukutana na uvea ya jicho lililojeruhiwa, hulishambulia na la pili. Mtu aliyepigwa jiwe jicho la kushoto akapofuka la kulia anahitaji maelezo, na asipoyapata hospitali atayapata kwingine.

Machimbo yalileta pia sura ya kutisha zaidi ya uhusiano wa uvea na uchawi. Mtu mwenye ualbino ana uvea isiyo na rangi ya kutosha. Irisi yake hupitisha mwanga, na katika mwanga wa aina fulani mboni huonekana nyekundu. Naye huukwepa mwanga, na macho yake huchezacheza. Kuanzia takriban mwaka 2007 wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino liliikumba Kanda ya Ziwa. Utafiti wa Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington, uliochapishwa mwaka 2010, uliyahusisha mauaji hayo na hirizi zilizotafutwa na baadhi ya wachimbaji na waganga waliowahudumia. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga, iliyokuwa ikipokea watoto wasioona, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino. Mantiki ilikuwa imegeuka: jicho la mwanamke mzee lilidhaniwa kuleta msiba, mwili wa mtoto mwenye ualbino ulidhaniwa kuleta utajiri. Katika hali zote mbili, tofauti ya mwili yenye maelezo ya kitabibu ilipewa bei na watu ambao hawakuwahi kupewa maelezo hayo.

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu nchini, uliosababishwa na virusi. Wananchi walihimizwa kunawa mikono, kutochangia taulo na kutotia jichoni dawa zisizo rasmi. Kwa wiki kadhaa maneno macho mekundu yalitamkwa redioni kama jina la ugonjwa wa kawaida unaompata yeyote, mwalimu, dereva au mtoto wa shule, na unaopona. Katika Usukuma wa miaka ya 1970 tangazo la namna hiyo lingekuwa na uzito wa pekee.

Lakini ugonjwa wa 2024 ulikuwa wa utando wa nje wa jicho, si wa uvea, na tofauti hiyo ingali inapotea pale mgonjwa anapoonwa kwa mara ya kwanza. Katika zahanati nyingi za vijijini jicho jekundu hupewa mafuta ya tetrasaiklini, vyovyote liwavyo. Mafuta hayo hufaa kwa vikope na kwa maambukizi ya nje; kwa irisi iliyovimba hayafanyi kitu. Ili kuitambua, mhudumu anahitaji kurunzi, chumba chenye giza na dakika mbili za kuzilinganisha mboni mbili. Ili kuithibitisha inahitajika darubini ya macho, ambayo mgonjwa wa Mwakitolyo huifuata mjini Shinyanga au Bugando, Mwanza. Wengi hufika huko baada ya tyubu ya pili au ya tatu ya mafuta kuisha, mboni ikiwa imekwisha gandana na lenzi.